Ukuni wa Mji wa Papa Karel

Hakuna kitu chini ya ardhi wala juu yake kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo mapema ili tuelewane. Nimechimba dhahabu Kivu nikiwa nimelala kifudifudi, tochi nimeifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli. Nimetoka kwetu kwa miguu. Nimekaa kambini miaka ambayo sipendi kuihesabu. Nilipofika Sydney sikuweza kusoma jina la stesheni, na leo magari saba yenye jina langu ubavuni yanapita mtaani kwetu Guildford kila asubuhi kwenda kuchimba mahandaki ya mabomba ya watu waliomaliza chuo kikuu. Shule niliacha darasa la nne. Na hilo mlikumbuke.

Sasa nimestaafu. Nina miaka hamsini na saba, mimi si mzee, ila mgongo wangu umenizidi umri, na daktari alisema mmoja wetu apumzike.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kwa sababu nimesikia mnayosema nje ya kanisa baada ya ibada. Kwamba Papa Bisimwa, yaani mimi baba yenu, anazeeka vibaya. Kwamba alipanda ndege hadi Ulaya, kwenye mji mdogo ambao hata Wazungu wenyewe hawaujui, akarudi na ukuni mmoja. Ni kweli. Mmeniuliza ukuni ule ulinigharimu kiasi gani, na nimekataa kujibu. Nitajibu, lakini mwishoni. Kwanza mtanisikiliza.

Papa Karel alikuwa bosi wangu wa kwanza na wa mwisho. Baada yake bosi ni mimi. Alikuwa Mcheki, mtoto wa mji wa machimbo huko milimani, mpakani na Wajerumani. Jina la mji huo lina herufi ambazo simu yangu haina, kwa hiyo nitauita mji wa Papa Karel. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, basi tukaelewana kuliko watu wote pale kazini.

Wiki yangu ya kwanza tulikuwa Liverpool, hii ya hapa Sydney, handaki la bomba la maji machafu, mita tatu kwenda chini. Kuta tulizizuia kwa mabati mazito na jeki za chuma, kama sheria inavyotaka. Lakini Papa Karel alikuwa na desturi yake. Katikati ya vyuma vyote vile alikuwa anakaza mhimili mmoja wa mti wa msonobari, mweupe, hata haukupigwa randa. Watu walimcheka. Hakujali.

Asubuhi moja mhimili wake ulisahaulika yadi, naye alikuwa amekwenda kununua viungo vya mabomba. Mimi nikaona nafasi ya kuonyesha mimi ni nani. Mwenye nyumba, tuliyekuwa tunamchimbia, alikuwa amekata mkaratusi nyuma ya banda lake. Nikachagua gogo lililonyooka, zito kama jiwe, nikalipima, nikalikata, nikalikaza pale kati kwa nyundo. Lilikaa vizuri kuliko la kwake. Kivu nzima mashimo yetu yanashikiliwa na mikaratusi, na huku ndiko mti huo ulikozaliwa. Nilijiona nimeziunganisha nchi mbili.

Papa Karel akarudi, akachungulia.

"Hiki nini?"

"Mkaratusi, Papa. Una nguvu mara tatu ya mti wako."

"Nguvu yake naijua. Unasema nini?"

"Nani anasema?"

"Mti."

Nilidhani jua limempiga. Akatuamuru wote tutoke, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniita nikae karibu naye.

"Huko kwenu mashimo yalipoanguka, mlisikia kitu kabla?"

Katika nchi hii yote sikuwa nimemwambia mtu habari za yaya wangu Safari, mkubwa wangu wa tumbo moja. Sijui kwa nini nilimwambia mzee yule. Nikasema, "Hatukusikia kitu. Mkubwa wangu alikuwa anaimba, mimi niko mdomoni mwa shimo nasubiri kamba. Akanyamaza. Basi."

Papa Karel hakunipa pole. Alisema, "Kwetu tulitumia msonobari, ule mwembamba wa milima ya baridi. Ni mti dhaifu. Uzito ukiuzidi unaanza kulia, taratibu, kama mtu anayekanyaga maganda ya mahindi makavu. Baba yangu alikuwa fundi wa mihimili. Alikuwa anasema mti wenye nguvu unakushikilia hadi dakika ya mwisho, halafu unakuacha bila kuaga. Mti dhaifu unakuambia utoke."

Kwa miaka mingi nilikuwa najilaumu kwamba sikusikia. Nilidhani masikio yangu ndiyo yaliyokosa. Kumbe hapakuwa na cha kusikia. Tulikuwa tumeuweka mti usiosema.

Mainjinia wameniambia usoni kwamba habari hizi hazina cheti. Mimi nina masikio mawili na wafanyakazi wote hai. Waweke vyeti vyao hapo tulinganishe.

Tangu siku ile kila handaki lilikuwa darasa, na darasa lilikuwa mji wake. Nimeujua mji ule kabla sijaujua Sydney. Uko ndani ya bonde jembamba kama mkanda, mtaa mmoja mrefu unaopanda kando ya kijito hadi kanisani, na ukipita kanisa mtaa unaendelea kupanda, nyumba za wachimbaji, hadi msitu. Uwanja wa soko umelala mteremkoni, ukiangusha kiazi pale juu utakikuta mlangoni kwa mwokaji mikate. Theluji hadi Pasaka. Upande mmoja wa bonde unapata jua. Upande wa pili haulipati, na upande huo wa kivuli ndio wenye msonobari mzuri, kwa sababu mti unakua polepole na nyuzi zake zinabanana.

Kwanza ilikuwa madini ya fedha. Mtu akaokota jiwe linalong'aa, na watu wakamiminika kutoka kila upande, wakajenga kanisa kubwa na majumba ya ghorofa mahali ambapo jana palikuwa na kulungu. Fedha ikaisha. Matajiri wakaondoka na maskini wakabaki, wanawake wakafuma lesi dirishani wakiuvizia mwanga, wanaume wakaenda kutafuta madini ya bati. Wakati wote huo walikuwa wanatupa jiwe moja jeusi, zito, la mkosi, kwa sababu likionekana ujue fedha imekwisha. Wakalirundika nje ya mashimo, milima na milima. Miaka ikapita, wakubwa wa dunia wakagundua kwamba jiwe lile jeusi ndilo la mabomu yao ya nyuklia.

Baada ya vita wenyeji wa pale, waliokuwa wanasema Kijerumani, walifukuzwa na mzigo wa kubeba mkononi. Wakaletwa wengine wakae katika nyumba zao. Wazazi wa Papa Karel walikuwa hao walioletwa. Mama yake alifungua kabati akakuta sahani za mtu mwingine, zimeoshwa, zimepangwa. Akaziogopa mwezi mzima. Kisha zikaletwa waya za miiba na minara ya walinzi, na wafungwa wakashushwa chini kuchimba jiwe jeusi. Baba yake alilipwa mshahara, wafungwa hawakulipwa kitu, lakini aliwafundisha kusikiliza mihimili kama alivyomfundisha mtoto wake. Papa Karel alishuka shimoni ana miaka kumi na mitano. Vifaru vya kigeni vilipoingia nchini mwao akakimbia, akaja kutua hapa.

Mnasikia? Nimekaa semina nyingi za hapa, chai na biskuti, nikiambiwa na watu wenye tai kwamba sisi wa Kivu tumelaaniwa kwa sababu ya madini. Siku moja niliinuka nikasema nawajua Wazungu walioota utajiri wa mawe, wakaletewa bunduki, wakafukuzwa, nyumba zao wakapewa wengine, na mwisho wakaachiwa mashimo. Mbona wao hamsemi wamelaaniwa? Biskuti nilizichukua.

Maarifa mengine ya mji ule nawapa bure. Kabla hujachimba chochote tafuta maji yatatokea wapi. Mji wa Papa Karel ulikuwa na mfereji wa chini kwa chini uliotoa maji ya mlima mzima, ukitokeza kwenye tao la mawe chini ya nyumba ya mhunzi, na uliwalinda kuliko sala. Udongo ulioutoa usiuache mdomoni mwa handaki. Na huu udongo wa mfinyanzi wa Guildford, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, usiuogope siku ya mvua. Uogope siku ya tatu.

Ilikuwa siku ya tatu pale Bankstown. Wakati huo nilishakuwa na kampuni yangu, gari moja na deni. Chini alikuwa Odhiambo, Mjaluo wa Kisumu, mtu wa maneno mengi, na mhimili wangu wa msonobari ulikuwa unamkera kwa sababu ulimzuia kupita na bomba.

"Mkongo, hii mbao ni ya nini? Ni uchawi wa kwenu?"

"Wa Ulaya. Chimba."

"Siku moja nitaichomea nyama."

Nilikuwa juu na kikombe cha chai. Nikasikia, krrr, dogo tu, kama mtu anakanyaga maganda. Kisha tena. Vyuma vyote vimetulia, vinang'aa. Nikasema, "Odhi, panda."

"Nimalizie kiungo hiki."

"Panda sasa hivi au nakufukuza kazi."

Alipanda akinitukana kwa lugha tatu. Alikuwa bado anatukana, mguu mmoja ukingoni na mwingine kwenye ngazi, ukuta wa kushoto ukajisukuma kama mtu anayejigeuza kitandani, jeki moja ikachomoka, na handaki likajifunga. Lilimeza koleo mbili, bomba jipya na chakula chake cha mchana. Odhiambo alitazama chini.

"Ugali ulikuwa na samaki," akasema.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anakwenda mwenyewe kuchagua msonobari.

Sasa nifike kwenye ukuni. Mwaka juzi Papa Karel, akiwa amepita miaka themanini, aliwekwa kwenye nyumba ya wazee karibu na Liverpool. Nilikuwa namtembelea Jumamosi. Akili yake ilikuwa inaingia na kutoka, lakini mji wake ulikuwa haujatoka. Alimweleza kila nesi kuhusu jiko la mama yake, lenye vigae vya buluu, na mtofaa nje ya mlango wenye matunda machungu hata mbuzi aliyakataa. Binti yake, aitwaye Jana, mama wa ofisi, mtu mwema, alikuwa anachoka.

Siku moja nilimkuta anamwambia, kwa upole, "Baba, mimi nilikwenda. Nimekwambia. Nilipanda huo mtaa hadi mwisho. Baada ya kanisa ni msitu mtupu. Hakuna nyumba, hakuna mtofaa."

Papa Karel akanitazama mimi. "Labda niliota," akasema.

Vijana, mimi nimeona watu wakinyang'anywa vitu. Sijawahi kuona mtu akinyang'anywa kumbukumbu ya kwao. Na haikuwa yake peke yake. Kazi yangu yote nimejifunza kutoka mji ule. Kama mji ni ndoto, basi mti hausemi, na yaya wangu nilimpoteza kwa uziwi wangu. Nilitoka nje nikamwambia Jana, "Nyumba ipo. Nitaileta."

"Bisimwa, tafadhali usimtie moyo."

"Moyo nitamtia mpaka ufurike."

Mke wangu aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Odhiambo aliniuliza kama naweza kumletea soseji. Niliondoka Oktoba.

Treni hadi stesheni ya mwisho, kisha basi. Niliposhuka sikufungua simu kutafuta njia. Nilipita uwanja wa soko ulioinama, nikafika kwa mwokaji mikate, siku hizi wanakodisha baiskeli. Kanisa lipo pale pale. Mama mmoja anayetunza makumbusho ya machimbo alitoka mlangoni akiniangalia, akaniuliza kwa Kiingereza.

"Umepotea?"

"Hapana, mama. Naelekea mtaa wa juu, kupita kanisa."

"Huo mtaa haupo tena. Ardhi ilikuwa inazama kwa sababu ya mashimo, nyumba zikabomolewa. Nyumba gani ilikuwa wapi, hakuna anayekumbuka."

"Mimi nakumbuka," nikasema.

Alifunga makumbusho, akavaa mabuti, akamwita mumewe, mtu wa msitu mwenye msumeno, wakanifuata. Nadhani walitaka tu kuona mwisho wake. Nilianzia kwenye tao la mawe chini ya nyumba ya mhunzi, maji yanatoka pale baridi, mekundu ya kutu. Kutoka hapo nilipanda na kijito kama baba wa Papa Karel alivyokuwa anarudi nyumbani. Rundo la mawe meusi halionekani tena, lakini miti yenye gome jeupe kama karatasi inapenda kuota kwenye takataka za machimbo, na pale ilikuwepo, kundi zima, ikisimama juu ya kilima kisicho cha Mungu. Papa Karel alinisimulia kwamba mlango wa jiko lao ulikuwa unatazama rundo hilo. Nyumba yao ilikuwa ya tatu. Nikahesabu mabonde madogo ardhini, palipokuwa na nyumba, moja, mbili, tatu. Na kati ya misonobari mirefu, umejikunyata, ulikuwepo mtofaa mmoja mzee wenye matunda kama mayai ya njiwa.

Nilichuma moja nikaliuma. Uchungu ulinifunga taya. Nikatema, machozi yakanitoka, na sitaki mtu aniambie yalikuwa ya kitu kingine.

"Ni hapa," nikasema.

Nilikwangua ukungu wa kijani juu ya ardhi kwa kisigino, kisha kwa mikono. Kizingiti kilikuwepo, jiwe limelika katikati kwa miguu ya watu. Ndani yake, chini ya majani, vipande vya vigae. Vya buluu. Nikampigia Jana kwa video, kwake ilikuwa jioni, anapika.

"Uko wapi, Bisimwa?"

"Jikoni kwa bibi yako."

"Naona miti tu."

"Ndiyo maana ulipokuja hukuona. Ulitafuta nyumba. Mimi nilitafuta kile kinachobaki nyumba ikiondoka." Nikamwonyesha kizingiti, vigae, mtofaa. Alizima jiko lake. Mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno.

Juu ya sakafu ya jiko lile ulikuwa umeanguka msonobari, umelazwa na upepo. Mume wa yule mama alinikatia kipande, urefu wa mkono wangu. Hawakutaka kitu. Walitaka tu niwaandikie kwenye daftari la makumbusho nyumba zote nilizozijua, nami nikawaandikia, kwa mwandiko wa darasa la nne.

Uwanja wa ndege wa Sydney nilitangaza mwenyewe kwenye fomu: mbao, moja. Afisa alikuwa msichana mwenye glavu.

"Baba, hii ina gome, inaweza kuwa na wadudu. Tunaiharibu, au unairudisha ilikotoka, au inakwenda kutiwa dawa kwa gharama yako. Ukiniuliza mimi, ni kuni."

"Sijakuuliza, mwanangu. Itiwe dawa."

"Gharama itazidi thamani yake."

"Thamani yake unaijua wewe?"

Waliniambia kuna karatasi, ada, kampuni ya dawa, kituo cha kuihifadhi, tena ada. Nikatia sahihi kila waliponionyesha. Zilipita wiki tatu, na kila Jumamosi nilimkuta Papa Karel yupo kidogo kuliko Jumamosi iliyopita. Niliwapigia simu kila siku hadi walipoanza kuitambua sauti yangu.

Siku nilipoupata ukuni niliendesha moja kwa moja hadi nyumba ya wazee. Jana alikuwepo, na nesi mmoja Mkenya anayempenda mzee. Nilimwekea ukuni mapajani. Hakuutazama. Aliushika, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi pale ulipokatwa, akausogeza sikioni, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena.

"Upande wa kivuli," akasema.

Jana akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba, nimeona jiko. Vigae ni vya buluu."

"Najua ni vya buluu," akamwambia, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Kisha akamgeukia nesi, akaninyooshea kidole mimi, mtu wa Kivu, mweusi kama rundo lile la mawe. "Huyu ni wa kwetu. Ni wa mtaa wa juu."

Haya. Nilisema hakuna kitu kinachonishangaza, na hicho nakitoa nje ya hesabu. Ukuni wenyewe, ambao Papa Karel aliniachia, uko juu ya mlango wa ofisi yangu Guildford. Nendeni mkaugonge, na mkimaliza kucheka mniambie mmesikia nini. Tiketi, treni, basi, vitanda, mabuti, soseji za Odhiambo zilizochukuliwa uwanja wa ndege na kutupwa, ada, dawa, kituo, na tena ada: dola elfu tano mia mbili themanini na nne na senti sitini.